Chensoo Iliyotoka Harusini

Chensoo yetu, msumeno wa injini, ilirudi Alhamisi, nyuma ya bodaboda, ndani ya gunia la mahindi, imekazwa kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Dereva aliishusha karibu na ukuta wa jiko, akasema, "Mama, shemeji yako anashukuru sana," akageuza pikipiki yake haraka. Nilimwona akitema mate kabla hajafika barabarani. Wakati ule sikujiuliza anatema nini.

Tunaishi Kiabakari, nyuma kidogo ya barabara ya Musoma. Kazi ya mume wangu ni kukata miti. Mkaratusi ukiinamia nyumba ya mtu anaitwa yeye. Mtu akitaka kupasua mbao kutoka shamba lake, anaitwa yeye. Yeye anakata, mimi naitunza mashine. Mgawanyo huo hatukuupanga. Ulitokea tu, kwa sababu yeye akimaliza kazi anaiacha mashine pale alipovulia viatu, na mimi siwezi kulala nyumba moja na kitu kichafu. Nilianza kwa kupangusa vumbi la mbao. Baadaye nikajua kufungua chujio la hewa na kulikung'uta, nikajua kunoa meno ya mnyororo kwa tupa ya duara, nikajua kuvua plagi na kuisugua. Mwishowe hata mafuta nikawa nachanganya mimi.

Kuchanganya mafuta ndiyo roho ya mashine hii. Haina mahali pa kuwekea oili ya injini kama gari. Oili yake inaingia pamoja na petroli, kwenye tangi moja. Mimi nina kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto. Lita moja ya petroli, vikombe vinne vya oili, natia kwenye dumu, natikisa mpaka rangi inashikana. Oili ikizidi, mashine inafuka moshi na kujiziba. Ikipungua, inajitafuna yenyewe kwa ndani. Kuna tangi la pili, dogo, la kulainisha mnyororo. Humo sisi tulikuwa tunatia oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka injini za malori kwenye gereji za barabarani. Kwa mti haina neno. Mti haupikwi ukaliwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa Bunda. Ni mtu wa shughuli. Harusi, kipaimara, msiba, utamkuta, na siku zote utamkuta upande wa nyama. Ijumaa iliyotangulia alikuja kuazima chensoo. Alisema mti umeangukia zizi la mama yao kule Butiama, ng'ombe wanatoka hovyo. Nilimjazia matangi yote mawili, nikampa na dumu la akiba lenye mafuta niliyoyachanganya mwenyewe. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na harusi kwa jirani wa mama mkwe, boma la pili kutoka kwake. Tulikwenda wote, misani na kwenye sherehe.

Basi siku hiyo ya Alhamisi nilifungua gunia. Harufu ilinipiga usoni, nikadhani ni gunia lenyewe, kwamba lilibebewa kitu kikaoza. Mimi ni mtu wa Mugango. Mama yangu alianika dagaa miaka yote ya utoto wangu, sangara na sato nimewapara tangu mikono yangu haijaweza kushika kisu vizuri. Uvundo wa ziwa sio kitu kwangu. Nikalitupa gunia mbali, upande wa upepo. Harufu haikwenda na gunia.

Mume wangu alikuwa na kazi Bunda kesho yake, kwa hiyo nilitaka kuhakikisha mashine inawaka. Niliiweka chini, nikakanyaga mpini wa nyuma, nikavuta kamba. Kamba ilikuja laini mno, kama ninavuta uzi kutoka kwenye sufi. Chensoo nzima inakataa kidogo unapoivuta; unaisikia inakupinga mkononi. Hii haikunipinga. Nikavuta tena, nikafunga choki, kile kizibo cha hewa, nikakifungua. Kimya.

Nikavua plagi. Kwa kawaida plagi yetu inatoka na rangi ya kahawia, kama kahawa ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe, kavu, imeungua, na kwenye ncha kulikuwa na vichembe vinavyong'aa. Niliigusisha kwenye chuma, nikavuta kamba, cheche ikaruka vizuri. Umeme ulikuwepo. Nikamimina mafuta kidogo kutoka kwenye tangi kuingia kwenye chupa ya soda. Yalikuwa maangavu kama maji. Oili ninayotumia ni ya kijani, kwa hiyo hata mtoto angeona tofauti. Ili nisimsingizie mtu nikachana karatasi ya kalenda ya zamani, nikadondosha tone moja, nikasubiri. Mafuta yaliyochanganywa yakikauka yanaacha duara la ukungu kwenye karatasi, kama chapati iliyowekwa juu ya gazeti. Tone lile lilikauka lote. Halikuacha kitu.

Shemeji alikuwa ametumia petroli tupu. Dumu langu la akiba lilikuwa limerudi ndani ya gunia lilelile, limejaa, hata halijafunguliwa.

Nikafungua ekzosi ili nichungulie pistoni kupitia tundu la moshi. Ilikuwa na michirizi kutoka juu hadi chini, kama ngozi ya mtu aliyeburutwa kwenye changarawe. Nilikasirika, lakini hasira ile ilikuwa ya kawaida. Vitu vya kuazimwa huwa vinarudi vimeharibika. Nilichotaka kujua ni kwa nini mtu aliyepewa mafuta tayari aache kuyatumia.

Ndipo nikaona inzi. Walikuwa wengi, na hawakuwa kwenye gunia. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye upenyo wa mfuniko wa pembeni, pale mnyororo unapoingilia kwenye klachi. Nikachukua spana, nikalegeza nati mbili, nikavuta mfuniko.

Haukutoka. Ulikuwa umegandia. Niliuchokonoa kwa bisibisi ukatoka kwa sauti ya kunyonya, kama mguu unaotoka kwenye tope, na kilichokuwa nyuma yake kikaniangukia kwenye kanga.

Niseme tu kilikuwa nini. Kilikuwa mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, ya njano, yamechanganyika na unga wa mifupa mpaka yamekuwa kama uji mzito wa ulezi uliolala. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya ng'ombe, mekundu na meupe. Kulikuwa na mshipa mmoja mrefu uliojizungusha kwenye gia ya mnyororo, umekauka kama kamba ya kiatu. Na vyote hivyo vilikuwa vinatembea. Funza, wanene, wengi kuliko mchele ulioko ndani ya kiganja, walikuwa wanajipenyeza kurudi gizani kwa sababu nimewafungulia mwanga.

Nilirusha kanga. Nilisimama uani na gauni la ndani, mchana kweupe, nikijipangusa mapaja ambayo hayakuwa na kitu.

Halafu, nikiwa nimesimama hivyo, nikaikumbuka nyama ya Jumamosi. Ilikuwa imekatwa vizuri. Wote tulisema hivyo. Mifupa ilikuwa imenyooka pande zote, sawasawa, bapa, kama vipande vya mbao vilivyotoka mashineni. Niliinua kipande cha ubavu nikamwonyesha mwanamke aliyekaa karibu nami, nikamwambia, "Angalia, mpishi wa hapa anajua kazi." Nikala. Nikaongeza. Kulikuwa na ladha fulani kwenye mchuzi, nyuma ya ulimi, nikadhani ni moshi wa kuni.

Nilitapika kwenye mche wa mpapai. Nilitapika chai na mihogo ya asubuhi hiyo, vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote, maana ile nyama ilikuwa imeshakuwa mimi siku nyingi.

Mume wangu aliporudi nilimwita aje aone. Aliinama, akaangalia, akachukua kijiti akageuza. Nilikuwa nasubiri uso wake ubadilike. Ulibadilika kweli: akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mtu!" alisema. "Huyu mtu atatuua! Kumbe ndiyo maana walimaliza ng'ombe watatu kabla padri hajatoa baraka!"

"Wewe unacheka?"

"Sasa nifanyeje, mama watoto? Nyama imeshaliwa."

"Uliila wewe. Niliila mimi. Watoto waliila."

"Na hakuna aliyeumwa."

Nilimtazama akipangusa machozi ya kicheko kwa mkono uleule ulioshika kijiti, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilisikia kinyaa juu ya mume wangu. Sikujua kama kinyaa cha namna hiyo kinaondoka.

Alimpigia simu mdogo wake. Kesho yake asubuhi akaja, na shati safi, na mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko kwa ajili ya watoto. Hakuficha chochote. Nafikiri hilo lilinichukiza zaidi kuliko kama angekana.

"Shemeji, nikuambie ukweli," alisema. "Mti ulikuwepo. Mti niliukata kweli. Lakini asubuhi ya harusi wale vijana wa mashoka hawakutokea. Ng'ombe wamelala pale wamechunwa, jua linapanda, watu misani wanaimba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningetafuta shoka."

"Shoka moja, ng'ombe watatu?"

"Na petroli tupu ni ya nini? Nilikuchanganyia mafuta."

Hapo akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa jambo alilolifikiria sana. "Ndiyo nilivyowajali watu sasa! Yale mafuta yako yanafukaga moshi wa oili. Moshi ungeingia kwenye nyama. Nikasema hapana, hawa ni wageni, wasile oili. Nikamwaga yaliyokuwa kwenye tangi, dumu nikaliacha, nikatia petroli safi. Na kwenye tangi la mnyororo nikatia mafuta ya kula, ya alizeti. Mpya kabisa, nilifungua chupa mwenyewe."

"Ulimwaga kwanza ile oili chafu?"

Aliangalia mfuko wa mahindi. "Ilikuwa imebaki chini tu."

Nilikwenda nikafungua lile tangi dogo mbele yake, nikaliinamisha juu ya sahani nyeupe. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Kilikuwa cheusi kama wino, na juu yake mafuta ya alizeti yakielea kama macho madogo. Tangi halikuwa limemwagwa hata kidogo. Alijazia tu juu ya oili ya malori, na mnyororo ukaipeleka yote kwenye ubavu, kwenye mapaja, kwenye mgongo, kwa kasi ile unayoijua ya mnyororo wa chensoo, ambao unarusha kila kitu kilichoko juu yake.

Aliangalia sahani. "Mbona watu waliisifu," alisema polepole. "Hata wewe shemeji uliisifu. Nilikusikia."

Nilimwambia, "Utaisafisha wewe. Hapa hapa. Mimi siigusi."

Akaisafisha. Sitasema aliisafisha vibaya. Alikaa kwenye kigoda, akavua mnyororo na ule upanga unaozungukwa nao, akachimba mafuta kwenye mfereji wake kwa mpini wa kijiko, akasukuma waya kwenye kitundu cha oili, akamwaga petroli, akasugua kwa mswaki wa zamani. Aliwakwangua funza wakaanguka chini, kuku wakaja. Na pembeni yake, juu ya tofali, alikuwa ameweka hindi lake la kuchemsha. Alikuwa anachokonoa, anapangusa vidole kwenye suruali, anapukuchua punje, anatia mdomoni, anaendelea na hadithi ya jinsi kwaya ilivyoimba. Mume wangu alikaa naye, akimshikia taa ya simu aone kwenye kona. Walikuwa na furaha. Mimi nilisimama mlangoni nikaangalia lile hindi likiisha mstari kwa mstari, na sikuweza kuondoa macho.

Wale kuku sikuwapika. Niliwauza.

Kilichofuata kati yangu na mume wangu ulikuwa ugomvi usio na kelele. Nilimwambia mashine ile siigusi tena, atafute nyingine. Akasema mashine nyingine haipatikani kwa kutaka, na chuma hakina dhambi, ukikiosha kimetakata. Alikwenda Musoma, akarudi na pistoni mpya na ringi zake. Aliniambia kwa kujisifu kwamba mwenye duka aliposimuliwa alicheka naye, akasema wapo na wengine wanafanya hivyo. Alidhani habari hiyo itanituliza. Mimi nilianza kuzihesabu kichwani shughuli zote nilizowahi kula nyama iliyokatwa bapa, nikaacha, kwa sababu nilikuwa najitesa.

Aliifunga pistoni mwenyewe. Alisugua silinda kwa msasa laini mpaka ile michirizi ya chuma cheupe ikatoka, akapaka oili, akazirudisha ringi moja baada ya nyingine kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake. Nilisikia kamba ikivutwa nje, nikasikia mashine ikiwaka, ikanguruma vizuri. Nilikuwa ndani napepeta mchele. Sikutoka.

Mafuta pia akachanganya mwenyewe. Sikumpa kikombe changu, na yeye hakuniomba. Alimimina kwa macho. Kwa vile aliogopa pistoni mpya isife kama ya kwanza, alimimina oili kwa huruma, nyingi.

Kazi ya Bunda ilikuwa imesogezwa mbele. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umesimama karibu na paa la mwalimu mmoja mstaafu, na mizizi imeshaanza kuinua msingi wa nyumba. Mume wangu alikata chale ya kwanza, ile ya kuelekeza mti uangukie wapi, mashine ikaanza kukohoa. Moshi wa bluu ukatanda uani mpaka mke wa mwalimu akaanua nguo. Ilipozima haikuwaka tena. Akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Mti umekatwa nusu, upepo wa mchana unaanza, nyumba iko pale. Ikabidi waufunge kamba, na mwenye nyumba akahamisha watu wake kwenda kwa jirani.

Alinipigia simu. Sauti yake haikuwa na kicheko tena.

"Imekufa tena," alisema. "Na mti nimeshauchanja."

Nilitaka kukata simu. Niliyaona yale mafuta ya njano mbele ya macho yangu kabisa. Lakini niliiona pia ile nyumba ya watu. Nikamwambia, "Vua plagi. Ina rangi gani?"

"Nyeusi. Imelowa."

"Umeiloweka kwa oili. Ipanguse, ipitishe kwenye moto wa kiberiti ikauke. Mwaga mafuta yote yaliyoko kwenye tangi. Yote. Halafu iache bila plagi, vuta kamba mara kadhaa iteme ilichomeza. Ekzosi je, inapumua?"

Nikasikia anafungua, anagonga. "Imejaa masizi. Na..."

"Na nini?"

"Kuna mafuta ya ng'ombe humu kwenye mapezi ya silinda. Yamepikika. Yananuka kama nyama iliyoungua."

Mapezi ni zile kingo nyembamba nje ya silinda, ambako hewa inapita kupooza injini. Shemeji hakuyafikia, na mume wangu alipobadilisha pistoni hakuyatazama kwa nje. Yalikuwa yamezibwa, injini ikawa inachemka, na ile oili ya ziada ikawa inaungua nusu na kugeuka masizi.

Nilimwelekeza kwenye simu hadi salio lake likaisha, nikapiga mimi. Alikwangua mapezi kwa kijiti cha mwanzi, akachoma masizi ya ekzosi kwenye jiko la mkaa la mama mwenye nyumba, akaenda kununua petroli, akachanganya kwa kikombe cha dawa alichoazima palepale. Mashine ikawaka. Mti ukaangukia upande wake, kwenye shamba la mihogo lililovunwa. Nilisikia kishindo chake kwenye simu, na watu wakipiga vigelegele.

Jioni alirudi ananuka. Alioga, akaja akakaa jikoni, jambo ambalo halifanyi. Akasema, "Leo nilipokuwa nakwangua ile kitu, nilitapika."

"Wapi?"

"Pale pale. Mbele ya mwalimu."

Sikucheka, ingawa nilikuwa na haki. Nilimwekea ugali na mchicha. Kuanzia hapo niliweza kukaa naye karibu tena.

Ndipo nikamwambia kilichokuwa kimenikaa. Wale watu wa harusi hawajui. Kama kuna mtu aliumwa tumbo, alilaumu maji. Mume wangu akasema tukienda kuwaambia tutaivua nguo familia yake. Nikasema basi tumwambie mama yake, aamue yeye.

Mama mkwe ni mwanamke mkimya, wa kanisani, anayefuga na kulima mwenyewe mpaka leo. Nilidhani atamtetea kitinda mimba wake. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, na mume wangu ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye oili ya malori, mikono yake ilisimama.

"Mimi nilibeba ile nyama," alisema. "Walinifungia kwenye jani la mgomba. Nikaikausha. Nimeila siku nne."

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia anasukutua mdomo, anatema, anasukutua tena. Aliporudi alikuwa amevaa kitenge cha kutokea.

"Twende," akaniambia. "Wewe na mimi. Huyu abaki."

Mwenye harusi alikuwa anakamua ng'ombe. Ni mzee wa heshima, baba wa bwana harusi. Mama mkwe alimsalimia, akamuulizia maharusi, kisha akasema bila kuzunguka: "Baba, nimekuja kuomba radhi. Kijana wangu alikata nyama yenu kwa mashine ya miti. Ilikuwa na uchafu wa magari ndani yake. Nyumba yangu imewalisha wageni wenu uchafu."

Mzee hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. "Mama, mbona najua," alisema. "Mguu wa yule ng'ombe mkubwa niliushika mimi mwenyewe, ili akate vizuri."

"Uliona ile oili?"

"Niliona nyeusi nyeusi. Tulisuuza."

"Mkasuuza ikatoka?"

"Nyingine ilitoka." Akageuka, akatuangalia sisi wawili tulivyosimama, na nadhani hakuelewa tumefuata nini. "Mama, wageni walikuwa mia ngapi sijui. Ningewaambia nini, warudi nyumbani na njaa? Walikula, walifurahi, mtoto ameoa. Hayo mengine ni ya nini? Karibuni maziwa."

Akachota maziwa kwa kikombe kilichokuwa kimening'inia kwenye nguzo ya zizi, akampa mama mkwe. Kwenye ukingo wa kikombe kulikuwa na alama ya kidole, nyeusi, ya samadi. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Akakishika muda mrefu. Kisha akasema ana kiungulia, akanipa mimi, na mimi nikasema nina mimba.

Sikuwa na mimba. Mzee akanipongeza sana, na habari ikafika Kiabakari kabla yetu.

Njiani mama mkwe alitembea mbele yangu. Tulipokaribia kwake akasimama, akasema, "Nilifikiri ni mwanangu peke yake." Basi. Akaingia ndani.

Siku iliyofuata mama mkwe alimwita yule kijana wake. Sikuwepo, na hakuna aliyenisimulia waliongea nini. Najua tu kwamba kwenye kipaimara kilichofuata shemeji hakukaa upande wa nyama. Alipangiwa viti na maturubai, na alifanya kazi hiyo vizuri tu, akipiga kelele na kuchekesha watu kama kawaida yake.

Chensoo bado tunayo. Nilirudi kuitunza, kwa sharti kwamba haiazimwi kwa mtu yeyote, hata ndugu, na kwamba oili chafu haiingii tena kwenye nyumba yangu; tunatumia oili safi kwenye mnyororo hata kama mume wangu analalamika kwamba miti haijui tofauti. Kila baada ya kazi nafungua mfuniko wa pembeni. Mara nyingi nakuta vumbi la mbao tu, la pinki au la njano, linanukia mkaratusi. Hata hivyo kabla sijauvuta huwa nabana pumzi. Navaa glovu ya mpira, ile ya kuoshea vyombo, na nyama kwenye shughuli za watu siigusi, nasema nina presha.

Shemeji anakuja mara moja moja akipita kwenda Musoma. Hana kinyongo. Ananiletea sukari, anawabeba watoto juu juu, ananiuliza habari za mashine kama mtu anayeulizia mgonjwa aliyepona. Ananyoosha mkono, nami nampa wangu, kwa sababu ni shemeji yangu na ni mtu mwema. Tunashikana, tunatikisana, anaupigapiga mgongo wa mkono wangu kwa mkono wake wa pili. Akishakunja kona ya barabara naenda kwenye ndoo, nachukua sabuni ya kipande, nanawa mpaka kwenye viwiko.